Mkandarasi wa kati hanilipi kwenye jengo la serikali ya shirikisho: siku 90 za dhamana ya malipo zinahesabiwa kuanzia lini?

Fundi wa Jipsamu na Rangi, Columbus, Ohio – 2 Juni

Ndugu zangu, naomba msaada wa yeyote aliyewahi kudai fedha kupitia dhamana ya malipo, yaani ahadi ya mkandarasi mkuu na kampuni ya udhamini kwamba waliofanya kazi watalipwa, katika mradi wa serikali ya shirikisho hapa Marekani. Nina kampuni ndogo yenye mafundi sita. Tunafunga jipsamu bodi, tunasawazisha maungio na kupaka rangi. Mwezi wa Oktoba mwaka jana tulipata kazi ya ghorofa mbili katika jengo la ofisi za serikali linalokarabatiwa. Aliyetupa kazi si mkandarasi mkuu, bali ni kampuni nyingine iliyochukua umaliziaji wote wa ndani kutoka kwa mkandarasi mkuu, nasi tukachukua sehemu ya kazi yake. Mkataba wetu na kampuni hiyo ni wa maandishi na umesainiwa na pande zote mbili.

Kazi ya mkataba tuliimaliza tarehe 14 Machi. Ankara zetu tatu za mwisho, ambazo jumla yake ni dola 46,300, hazijalipwa hadi leo. Kila nikipiga simu naambiwa kwamba mkandarasi mkuu bado hajatoa fedha. Wiki iliyopita nilikutana na msimamizi wa mkandarasi mkuu pale saiti, naye akaniambia waziwazi kwamba wao walishailipa ile kampuni tangu Aprili. Mafundi wangu nimewalipa wote, lakini nimewalipa kwa akiba ya nyumbani na kwa mkopo wa kadi, na sasa muuza rangi naye ananidai.

Tarehe 20 na 21 Mei tuliitwa turudi kuziba nyufa kwenye maungio mawili ya bodi na kupaka upya ukuta wa ngazi uliokuwa na mabaka. Nimesikia kwamba kuna siku 90 za kutoa notisi. Je, naweza kuzihesabu kuanzia 21 Mei, ambayo ndiyo siku ya mwisho mafundi wangu kukanyaga saiti? Na je, meseji na baruapepe nyingi nilizoiandikia kampuni iliyotupa kazi tangu Aprili zinatosha kuwa notisi?

Mratibu wa Mikataba, Baltimore – 2 Juni, jioni

Pole sana, kaka. Kabla sijaeleza jambo lolote, chukua kalenda uhesabu kuanzia 14 Machi, wala usiiguse ile Mei. Ukihesabu hivyo, siku ya 90 inaangukia tarehe 12 Juni, maana yake una siku kumi tu. Mimi si wakili, lakini nimeshughulikia karatasi za wakandarasi wadogo kwa miaka kumi na mmoja, na kosa hili la kuhesabu kuanzia siku ya marekebisho nimeliona likiwanyima watu wazima haki yao.

Sheria inayokuhusu ni ile inayojulikana kama sheria ya Miller, ya mwaka 1935. Inasema siku 90 zinaanza siku ulipotoa kazi ya mwisho, au kuleta kifaa cha mwisho, ambacho ndicho unachodai malipo yake. Mahakama nyingi zimeshikilia kwamba kurudi kurekebisha kasoro za kazi iliyokwisha kufanyika hakusogezi tarehe hiyo mbele. Nyufa za maungio na mabaka ya rangi, jinsi ulivyoyaeleza, ni marekebisho. Wakili anaweza kubishana kwamba zile siku mbili zilikuwa sehemu ya mkataba wa awali, na huenda akashinda, lakini kwa nini uuweke mguu wako kwenye ubao uliooza wakati ubao mzima bado upo kwa siku kumi?

Kuhusu meseji na baruapepe zako, hazitoshi, kwa sababu zimekwenda kwa mtu asiye sahihi. Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo naomba uvumilie maelezo marefu kidogo.

Jengo la mtu binafsi ungeweza kuliwekea zuio kisheria mpaka ulipwe. Mali ya serikali ya shirikisho haiwekewi zuio la namna hiyo, na ndiyo sababu Bunge la Marekani likaweka dhamana badala yake. Kulikuwa na sheria ya kwanza ya mwaka 1894, iliyojulikana kwa jina la Heard, ambayo ilitaka dhamana moja tu kwa mambo yote. Serikali ilichukua haki yake kwanza, na fundi akasubiri mpaka mradi mzima ufungwe na hesabu zote zimalizike. Sheria ya 1935 ilitenganisha mambo hayo. Sasa mkandarasi mkuu anatoa dhamana ya utekelezaji, ambayo inailinda serikali, na dhamana ya malipo, ambayo inawalinda waliotoa jasho na vifaa. Sheria yenyewe inataja mikataba inayozidi dola 100,000, na kanuni za manunuzi ya serikali zimekipandisha kiwango hicho baadaye. Ukarabati wa jengo zima la ofisi kwa vyovyote umekwisha kuvuka hapo. Kwa kawaida dhamana ya malipo inalingana na bei yote ya mkataba mkuu.

Aliyetoa dhamana ni mkandarasi mkuu pamoja na kampuni ya udhamini. Kampuni iliyokupa kazi haimo kabisa katika hati hiyo. Anayefanya kazi moja kwa moja chini ya mkandarasi mkuu hahitaji kutoa notisi ya siku 90, kwa sababu mkandarasi mkuu anamjua na ana mkataba naye. Wewe uko ngazi ya pili. Mkandarasi mkuu hana mkataba wowote wenye saini yako, na pengine hajui kama unadai senti. Notisi ipo ili ajue mapema, azuie fedha ambazo bado hajaipa kampuni ya kati, na siku 90 zikipita bila neno lolote, awe huru kumlipa mtu wake bila hofu ya kulipa mara mbili. Ndiyo maana kumwandikia mdaiwa wako mara mia hakukusaidii: anayepaswa kujua ni yule aliye juu yake. Na ndiyo maana vilevile, ukitoa notisi kwa wakati, mkandarasi mkuu hawezi kujitetea kwa kusema tu kwamba alishailipa kampuni ya kati. Hatari hiyo sheria imemtwika yeye na mdhamini wake.

Notisi yenyewe si ngumu. Iwe ya maandishi, itaje kwa usahihi wa kutosha kiasi unachodai, na itaje jina la kampuni uliyoifanyia kazi. Andika bayana kwamba unamdai mkandarasi mkuu chini ya dhamana yake ya malipo. Barua inayolalamika tu kwamba fulani hajanilipa inaweza kuonekana kuwa ni taarifa, si dai. Ambatisha ankara tatu na ukurasa wa mkataba wenye saini. Ipeleke kwenye ofisi yoyote ya mkandarasi mkuu kwa njia inayokupa uthibitisho wa maandishi kutoka kwa mtu wa tatu kwamba imefika: barua ya posta yenye risiti ya kupokelewa, au kampuni ya usafirishaji kama FedEx au UPS inayochukua saini. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1940, katika kesi ya Fleisher, kwamba barua iliyofika kweli haiwi batili kwa sababu tu haikupita njia ya posta iliyotajwa na sheria, lakini usijenge nyumba juu ya huruma hiyo.

Usisubiri tarehe 11 ndipo uende posta. Mahakama ya rufaa inayohudumia Maryland na Virginia iliamua mwaka 1992 kwamba notisi lazima iwe imepokelewa ndani ya siku 90; kuitia posta ndani ya muda hakutoshi. Ohio iko chini ya mahakama nyingine ya rufaa, lakini mwenye busara anaandika barua yake kana kwamba kanuni ngumu zaidi ndiyo inayomhusu. Itume kesho asubuhi. Nakala mpelekee mdhamini pia. Sheria hii haikulazimishi, lakini mdhamini akifungua faili mapema, mkandarasi mkuu huacha kuchelewesha.

Mweka Marumaru, Minneapolis – 3 Juni

Nayaunga mkono maelezo ya dada wa Baltimore, kama nimekosea mniwie radhi, nimemdhania kuwa dada kutokana na alivyoandika huko nyuma. Ninaongeza onyo kwa wasomaji wengine ambao kazi zao si za shirikisho.

Mimi nilipoteza fedha za miezi miwili katika jengo la shule ya umma hapa Minnesota. Nilikuwa nimesoma habari za siku 90 za notisi na mwaka mmoja wa kufungua kesi, nikaamini kwamba ni kanuni moja kwa nchi nzima. Kumbe kila jimbo lina sheria yake, inayofanana na ile ya Miller, kwa miradi ya jimbo, kaunti na miji. Hapa kwetu muda wa notisi ni siku 120 tangu kazi yako ya mwisho, kwa hiyo kwa upande wa siku nilikuwa na nafasi kubwa kuliko nilivyodhani. Kilichoniangusha ni kwamba sheria ya hapa inataka notisi imfikie mdhamini na mkandarasi mkuu pia. Mimi niliiandikia kampuni iliyonipa kazi peke yake, kwa barua nzuri, iliyosajiliwa, ambayo mpaka leo ninayo risiti yake ya kijani. Risiti hiyo haikunisaidia kitu. Wakili aliisoma kwa dakika mbili, akaniuliza kama kuna nyingine, nikamwambia hakuna.

Tofauti nyingine zinashangaza. Texas, kwenye miradi ya umma, inahesabu kwa mwezi: kwa kila mwezi uliofanya kazi bila kulipwa, notisi iwe imetumwa kabla ya kupita tarehe 15 ya mwezi wa tatu baada yake, hivyo mtu anaweza kupoteza madai ya Januari huku ya Machi yakiwa hai. Florida inamtaka mtu asiye na mkataba na mkandarasi mkuu ajitambulishe kwake kwa maandishi ndani ya siku 45 tangu aanze kazi, wakati bado hajui kama atanyimwa malipo. Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kuhesabu siku yoyote ni hili: mwenye jengo ni nani? Serikali ya shirikisho, jimbo, au mji? Liulizeni siku mnapopewa kazi, na siku hiyohiyo muombe nakala ya dhamana.

Fundi wa Jipsamu na Rangi – 5 Juni

Nawashukuru sana, na Mwenyezi Mungu awalipe. Notisi niliituma jana kwa njia mbili, posta na FedEx, kwenda makao makuu ya mkandarasi mkuu na kwenye ofisi yake ya hapa Columbus. Nimetaja dola 46,300, nikalitaja jina la kampuni ya kati, na tarehe 14 Machi kuwa siku ya mwisho ya kazi.

Nina maswali matatu zaidi. La kwanza, sijaiona dhamana yenyewe wala simjui mdhamini, nitampataje? La pili, kila mwezi nilipolipwa nilisaini karatasi ya kuachilia madai, na katika mkataba wetu kuna kifungu kinachosema kwamba sitaidai dhamana ya mkandarasi mkuu kamwe. Je, nimejifunga? La tatu, jana kampuni ya kati ilinipigia simu, bila shaka wamesikia habari ya barua, wakaniahidi dola 20,000 wiki hii iwapo nitasaini karatasi moja zaidi.

Mratibu wa Mikataba, Baltimore – 5 Juni

Ndugu wa Minneapolis, hukukosea, na pole kwa hasara ile.

Kaka wa Columbus, kwanza dhamana. Andika hati ya kiapo, uiape mbele ya mthibitishaji wa nyaraka, ukieleza kwamba umetoa kazi na vifaa katika mradi huo na hujalipwa. Ipeleke kwa ofisa mikataba wa idara ya serikali inayomiliki jengo. Sheria inaitaka idara ikupatie nakala iliyothibitishwa ya dhamana na ya mkataba mkuu. Dhamana ya malipo iko kwenye fomu SF 25A; humo utaona jina la mdhamini, na Wizara ya Fedha ya Marekani huchapisha orodha ya wadhamini wanaokubalika. Kabla ya nakala kufika, muulize msimamizi wa saiti jina la mdhamini. Mara nyingi hawalifichi.

Sasa hizo karatasi. Kile kifungu cha mkataba kisikutie hofu. Tangu marekebisho ya mwaka 1999, haki ya kuidai dhamana haiwezi kuachiliwa isipokuwa kwa maandishi, kwa saini ya mwenye haki, na baada ya yeye kuwa amekwisha kutoa kazi au vifaa. Kifungu ulichosaini Oktoba, kabla ya bodi ya kwanza kupanda ukutani, hakitimizi sharti hilo la tatu.

Karatasi za kila mwezi ni habari nyingine kabisa, kwa kuwa ulizisaini baada ya kufanya kazi. Zitoe zote leo usiku, uzipange kwa tarehe, na katika kila moja utafute maneno mawili: kiasi ulichopokea, na tarehe ambayo kuachilia kunafikia. Ikiwa karatasi ya mwisho inasema unaachilia madai yote hadi 31 Januari, na ankara zako tatu ni za Februari na Machi, uko salama. Ikiwa inasema hadi 28 Februari huku ankara ya Februari haijalipwa, hapo una tatizo la kumpelekea wakili kabla hujamwandikia mtu mwingine yeyote. Angalia vilevile kama inasema kuachilia kunaanza baada ya hundi kupita benki, au kunaanza mara tu unaposaini. Tofauti ya sentensi hiyo moja inaweza kuwa dola elfu kumi na tano.

Kwa sababu hiyohiyo, hizo dola 20,000 zipokee kwa mikono miwili, lakini karatasi wanayokuletea usiisaini mpaka iseme kwamba unaachilia dola 20,000 tu na kwamba dola 26,300 zilizobaki bado unazidai. Wakikataa maneno hayo, utakuwa umejua nia yao.

Kuhusu ushahidi, una kitu ambacho wengi wanakisahau. Katika mradi wa shirikisho kama huo mmekuwa mkijaza kila wiki taarifa ya mishahara, fomu WH-347, kwa ajili ya sheria ya mishahara ya mwaka 1931. Fomu zile zina majina ya mafundi wako, siku na saa zao, na umesaini kuthibitisha kwamba ni za kweli. Fomu ya wiki ya 14 Machi ndiyo ushahidi bora wa siku yako ya mwisho, na ya wiki ya Mei itaonyesha jinsi zile siku mbili zilivyokuwa chache. Mkandarasi mkuu anazo, na idara inazo. Hakuna atakayezikana.

Kama barua haitazaa matunda, kesi inafunguliwa baada ya zile siku 90 kupita, na lazima iwe imefunguliwa kabla ya mwaka mmoja kuisha tangu 14 Machi. Inafunguliwa katika mahakama ya shirikisho ya eneo lenye jengo, bila kujali udogo wa kiasi, kwa jina la Marekani kwa manufaa ya kampuni yako. Usishangae ukiona nchi nzima imeandikwa kuwa mdai. Kampuni haiwezi kujiwakilisha katika mahakama hiyo, kwa hiyo utahitaji wakili, na tangu uamuzi wa Mahakama Kuu wa mwaka 1974 gharama za wakili kwa kawaida hazirudishwi, isipokuwa kama mkataba wako unazitaja. Kisome kifungu hicho kabla hujaamua uvumilie kiasi gani katika mazungumzo.

Mkadiriaji Majenzi, Dar es Salaam – 6 Juni

Nafuatilia kwa makini, kwa kuwa vijana wetu wengi huku wanasoma mambo ya Marekani mtandaoni na kudhani yapo kila mahali. Dhamana tuliyoizoea katika miradi ya umma hapa ni ya utekelezaji na ya malipo ya awali, na zote mbili zinamlinda mwenye mradi. Katika mikataba inayofuata Kitabu Chekundu cha mwaka 1999 cha FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, kifungu cha 5.4 kinamruhusu mwenye mradi kumlipa moja kwa moja mkandarasi mdogo aliyeteuliwa, lakini ni kwa hiari yake, na ni kwa aliyeteuliwa tu. Fundi wa ngazi ya pili haguswi.

Ninalo swali moja kwa dada wa Baltimore. Muuza rangi ambaye anamdai huyu ndugu, yeye anaweza kuidai dhamana hiyo?

Mratibu wa Mikataba, Baltimore – 6 Juni

Hawezi, mzee wangu, na hapo ndipo sheria hii inapoishia. Inawafikia wenye mkataba na mkandarasi mkuu, na wenye mkataba na mkandarasi mdogo wa kwanza. Muuza rangi yuko ngazi ya tatu. Tena kuna mtego katika neno mkandarasi mdogo lenyewe. Mwaka 1944 Mahakama Kuu ilisikiliza kesi ya MacEvoy, iliyotokana na mradi wa nyumba za ulinzi karibu na Linden, New Jersey. Mkandarasi mkuu alinunua vifaa kwa muuzaji mmoja, na muuzaji huyo akavichukua kwa mwingine ambaye hakumlipa. Mahakama ikasema muuzaji wa vifaa tu, asiyebeba sehemu maalumu ya kazi ya mkataba mkuu, si mkandarasi mdogo, kwa hiyo aliyemuuzia yeye hana haki kwenye dhamana. Kwa ndugu yetu hili halina shida, maana kampuni ya kati ilichukua umaliziaji wa ndani na ilikuwa na watu wake saiti.

Fundi wa Jipsamu na Rangi – 10 Juni

Naleta mrejesho. Barua ya FedEx ilipokelewa makao makuu tarehe 8 Juni na ikasainiwa mapokezi. Ya posta ilifika ofisi ya Columbus jana. Zote ziko ndani ya siku 90 tangu 14 Machi. Karatasi yangu ya mwisho ya kuachilia inasema hadi 31 Januari, na ankara zote tatu ni za baada ya hapo. Niliisoma mara nne, kisha nikampa mke wangu naye akaisoma.

Leo mchana mhasibu wa mkandarasi mkuu amenipigia mwenyewe. Amesema wameshikilia malipo ya mwezi huu ya kampuni ya kati, na anapendekeza hundi moja yenye jina langu na la kampuni ya kati. Nimemjibu kwamba nitakubali iwapo sehemu yangu itaandikwa kwanza katika barua ya pande tatu, na kwamba sitaisaini hundi kwa nyuma kabla ya barua hiyo. Ameomba nakala za WH-347 za Februari na Machi. Nimemaliza kuzipiga picha sasa hivi, kurasa tisa, na ninazituma kabla sijalala.